Somo la Lishe kwa Vyama: Matunda na Mboga za Nyololo, Majira Yake na Faida Zake



Somo hili yafaa lisomwe kwa sauti katika mkutano wa chama, au katika kikundi cha watu 10 hadi 15, na msomaji asimame kila mahali ambapo msikilizaji ana neno la kuongeza. Wakongwe miongoni mwetu watakumbuka kwamba ndivyo tulivyojifunza katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975: redio mezani, kijitabu mkononi, na mjadala baada ya matangazo. Safari hii redio haipo, ipo sauti ya katibu. Basi, Ndugu Katibu, soma taratibu, na wale wasioona vizuri wakae mbele.

Tuanze na jambo linaloudhi. Nyanda za Juu Kusini zinalisha nchi. Mahindi yetu hupakiwa kwenda Dar es Salaam na hata nje ya mipaka. Viazi vyetu, kabichi zetu na njegere zetu hupita barabarani usiku na mchana. Tangu Azimio la "Siasa ni Kilimo" lilipotolewa mjini Iringa mwezi wa Mei mwaka 1972, jina la mkoa huu limeambatana na kilimo. Lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Iringa watoto 57 katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Wastani wa taifa zima ulikuwa 30. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, ilipata 50, na Rukwa 50. Mikoa hii mitatu yenye ghala zilizojaa ndiyo iliyoongoza nchini kwa udumavu.

Udumavu maana yake ni mtoto kuwa na kimo kidogo kuliko umri wake unavyotaka. Mtoto aliyedumaa si lazima awe amekonda. Mara nyingi mama yake humwona mzima kabisa, kwa kuwa watoto wa jirani nao wana kimo hichohicho, na watu husema, "Sisi ukoo wetu ni wafupi." Huenda ni kweli kwa mtu mmoja mmoja, lakini haiwezi kuwa kweli kwa zaidi ya nusu ya mkoa. Mwili unaodumaa katika miaka 2 ya kwanza hauwezi kurudishiwa kimo chake chote baadaye, na akili nayo hupata hasara yake, hasara ambayo mwalimu huikuta darasani wakati mzazi ameshaisahau.

Sababu za udumavu ni nyingi: maradhi ya kuhara, maji yasiyochemshwa, uji mwepesi usio na kitu ndani yake, mimba zinazofuatana, na kazi za mama zisizo na mwisho. Somo hili haliwezi kuzimaliza zote. Litashika sehemu moja tu, ambayo chama cha ushirika kinaweza kuifanyia kazi bila kungoja fedha kutoka popote, nayo ni matunda na mboga.

Majira yetu

Nyololo, kama sehemu kubwa ya nyanda hizi, ina msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei. Kisha huja baridi ya Juni, Julai na Agosti, na baada yake jua na vumbi la Septemba na Oktoba. Watu wa Kaskazini wenye vuli na masika hupanda mara mbili kwa mvua. Sisi tunapanda mara moja, lakini tuna vinyungu, zile bustani za mabondeni ambazo wazee wetu walizilima kwa unyevu unaobaki ardhini mvua zikishakwisha. Mwenye mashamba ya juu na kinyungu bondeni anaweza kula mboga mbichi miezi 12. Asiye na kinyungu hula mboga kwa miezi 6 na kununua kwa miezi 6, au hukaa bila.

Hapa pana tahadhari moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo au kingo za maji, hivyo mwanachama anayetaka kufungua kinyungu kipya aione kwanza Serikali ya Kijiji. Asiseme tu kwamba babu yake alilima hapo.

Katika miezi ya mvua mboga za majani huwa tele, na nyingi kati yake hazikupandwa na mtu: mchicha pori, mnavu, mgagani. Yako pia majani ya maboga na majani ya kunde katikati ya mahindi. Uyoga nao huota, ila ule wa porini uchumwe na mwenye kuujua tu. Mboga hizi zimedharauliwa mno. Mwanachama akipata mgeni hukimbilia kununua kabichi, wakati mnavu unaoota nyuma ya jiko lake una lishe kuliko kabichi hiyo. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba jani likiwa la kijani iliyokolea zaidi, lina vitamini A zaidi. Hata katika kabichi moja, majani ya nje ya kijani yanashinda yale meupe ya ndani, nasi hutupa ya nje.

Katika miezi ya kiangazi, vinyungu hutoa figiri, sukuma wiki, chainizi, kabichi, karoti, njegere na vitunguu. Mchicha huvunwa wiki 3 hadi 4 baada ya kuoteshwa, kwa hiyo usimwage mbegu zote siku moja. Mwaga tuta moja, na baada ya wiki 2 tuta jingine. Sukuma wiki na figiri huchumwa jani moja moja kwa miezi kadhaa, na kwa sababu hiyo ndizo mboga za mama mwenye kazi nyingi. Kabichi huchukua kama miezi 3 na huvunwa mara moja tu, hivyo ni zao la mfuko kuliko la sahani. Kwa karoti, udongo uchimbwe vizuri. Karoti inayokutana na donge au samadi mbichi hugawanyika miguu kama mtu.

Nyanya zinahitaji maelezo zaidi. Wakati wa mvua, baridi na unyevu huleta bakajani chelewa, ule ugonjwa unaoanza kama madoa ya rangi ya maji kwenye majani na kulimaliza shamba kwa siku chache. Ndiyo sababu nyanya huadimika na kupanda bei masika, na huanguka bei kiangazi wakati zile za Ilula zinapojaa masokoni. Aina ya Roma ina ganda gumu na huvumilia safari. Moneymaker ni tamu lakini laini, na hupasuka ndani ya tenga kabla ya kufika Mafinga. Mwenye kupiga dawa aheshimu siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa. Wako wanaopiga dawa Jumatatu na kuvuna Jumanne kwa kuwa gari limekuja, na nyanya hizohizo huliwa na watoto wao.

Baridi na mahali pa kupanda

Mwandishi wa somo hili aliwahi kuwa katibu wa chama kimoja cha msingi katika nyanda hizi. Tulikusanya fedha za wanachama, tukanunua miche ya parachichi iliyobebeshwa, nami nikashauri ipandwe chini kabisa bondeni, karibu na maji, ili umwagiliaji uwe rahisi. Wanachama walinisikiliza kwa kuwa nilikuwa nimetoka mafunzoni. Miche ilishika vizuri sana. Mwezi wa Julai ukaja usiku mmoja mtulivu, usio na upepo wala wingu, na asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Jua lilipopanda, majani ya miche yote yalikuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, baridi hutembea kama maji. Huteremka, hukaa bondeni." Alikuwa ameyajua hayo tangu utotoni, nami sikumwuliza.

Jambo hilo ndilo jalidi, na maelezo ya mzee yule ndiyo maelezo ya wataalamu pia: hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, hivyo usiku huteremka na kutuama mahali pa chini. Kwa hiyo miti ya matunda inayoogopa jalidi ipandwe kwenye miteremko, pale hewa inapopita bila kutuama, na mabondeni pabaki kwa mboga zinazovumilia. Kabichi, sukuma wiki, figiri na karoti hustahimili jalidi nyepesi. Nyanya, maharage, maboga na viazi haviwezi. Njegere hustahimili zikiwa changa, lakini maua yake huungua.

Matunda

Kwa kuwa tumelitaja parachichi, tulimalize. Aina mbili zinazotajwa zaidi katika vyama vyetu ni Hass na Fuerte. Hass ilitokana na mti mmoja uliooteshwa California, Marekani, na Rudolph Hass, aliyekuwa tarishi wa posta, naye akausajili mwaka 1935. Ganda lake ni gumu lenye vipele, na huwa jeusi likiiva, hivyo husafiri vizuri na wanunuzi wa nje hulipenda. Fuerte ina ganda laini la kijani hata ikiiva. Neno "fuerte" kwa Kihispania ni "imara", na miti hiyo ilipewa jina hilo kwa sababu ilinusurika katika jalidi kali ya California ya mwaka 1913. Mkulima wa Nyololo ana haki ya kulifikiria jina hilo kwa makini.

Tena aina hizi mbili husaidiana. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, mara ya pili, siku inayofuata, likiwa dume. Hass hufunguka jike asubuhi na dume alasiri. Fuerte ni kinyume chake. Miti michache ya Fuerte kati ya Hass huwapa nyuki chavua kwa saa zinazofaa, na mavuno huongezeka. Nafasi ya mita 7 kwa 7 huingiza miti kama 80 katika ekari. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Ule wa mbegu ya kokwa unaweza kukungojesha miaka 7 au zaidi, na huenda usifanane na mama yake.

Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa mtini, huiva likishachumwa. Likichumwa kabla ya kukomaa husinyaa na kuwa kama mpira. Wakati wa kukomaa hutofautiana kwa mwinuko, na maeneo yenye joto hutangulia yale ya baridi. Kwa hiyo chama kisifuate tarehe za watu wa Rungwe, bali kiandike zake. Njia rahisi ni kuchuma matunda machache, kuyaweka ndani na kuyangoja kwa wiki moja au mbili. Yakilainika bila kusinyaa, shamba liko tayari.

Kwa mtoto, parachichi ni neema. Karibu gramu 15 katika kila gramu 100 za nyama yake ni mafuta, na mafuta ndiyo yanayokosekana katika ugali na mboga ya kuchemsha. Mtoto aliyetimiza miezi 6, ambaye hadi hapo alipaswa kunyonya tu, anaweza kupondewa parachichi kwa uma bila kupikwa.

Matunda damu yamezoeleka Mufindi, Njombe na Makete kuliko mahali pengi nchini. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mti wake huzaa mapema, kiasi cha miaka 2 tangu kupandwa, lakini mizizi yake ni ya juujuu na matawi yake hukatika kwa upepo, kwa hiyo upandwe mahali penye kinga. Ganda lake ni chungu. Likatwe katikati na nyama ichotwe kwa kijiko. Pasheni ya zambarau ndiyo inayofaa kwetu. Ile ya njano ni ya Pwani na mahali pa joto. Pichesi na plamsi huja mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi kama Februari, na peasi hufuata. Mapera huota hata pasipopandwa. Porini, mvua za kwanza huleta makusu, yale matunda ya kahawia matamu kama asali, na watoto huyajua mahali yalipo kuliko sisi. Mkusu usikatwe mkaa. Ndizi hutoka Tukuyu, maembe hutoka Kyela na mabonde ya joto. Tununue tukiweza, lakini tusiseme hatuna matunda kwa kuwa embe halizai Nyololo.

(Mwanachama mmoja aliwahi kuuliza kama ulanzi hauhesabiwi katika matunda, kwa kuwa nao hutoka kwenye mmea. Jibu ni hapana.)

Sasa tutazame miezi hii kwa jicho jingine. Kuanzia Desemba hadi Machi mama wa Nyololo hutoka alfajiri kwenda kupanda, kupalilia na kuweka mbolea, na hurudi jua limepinda. Mboga zimejaa nje, lakini hana saa ya kuzichuma, kuzichambua, kutafuta kuni kavu katika mvua na kupika. Mtoto hubaki na kaka yake mdogo na uji uliopoa, akala mara mbili kutwa. Ilhali mtoto wa miezi 9 hadi 23 anahitaji kula mara 3 hadi 4 kwa siku, pamoja na kitu cha kutafuna katikati, kwa sababu tumbo lake ni dogo na haliwezi kubeba chakula cha siku nzima kwa mkupuo.

Hapo ndipo tunda linapopata kazi yake. Tunda halihitaji kuni, sufuria wala mama aliyepumzika. Kaka wa miaka 8 anaweza kumpondea mdogo wake parachichi au kumpa kipande cha pera lililoiva, mradi wamenawa mikono. Na pichesi, plamsi na makusu huzaa katika miezi hiyohiyo ya palizi. Nyumba yenye miti 5 ya matunda ya aina mbalimbali imejipatia msaidizi wa jikoni asiyelipwa mshahara.

Faida mwilini na namna ya kupika

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, viazi visihesabiwe. Hizo ni kama konzi 5. Wengi wetu hula konzi 1, nayo ni ya kusukumia ugali.

Vitamini A hulinda macho na kuupa mwili nguvu ya kupigana na maradhi. Ipo katika majani ya kijani kilichokolea, karoti, boga la njano na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Lakini mwili hauipokei vizuri bila mafuta. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu hupoteza sehemu kubwa ya faida yake hapohapo mezani. Kijiko cha mafuta, karanga zilizotwangwa, parachichi pembeni ya sahani au mawese ya Kyela vyote hufanya kazi hiyo, na mawese mekundu yana vitamini A yake yenyewe.

Vitamini C hudumu kidogo. Moto huiua, hewa huiua, na huyeyuka katika maji. Kwa hiyo mboga ioshwe kwanza, ikatwe baadaye, ipikwe kwa muda mfupi katika maji machache, na maji hayo yasimwagwe. Desturi ya kutia magadi ili mboga ilainike haraka na kubaki na rangi nzuri huharibu vitamini C. Mtu mzima huhitaji kama miligramu 45 kwa siku. Gramu 100 za chungwa zina kama 50, na za pera zinazidi 200. Hivyo pera moja dogo, lile tunalowaachia ndege, latosha siku nzima na kubakiza.

Faida nyingine ya vitamini C ni kuusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Madini hayo ndiyo yanayojenga damu, na upungufu wake huwaumiza zaidi wajawazito na watoto. Basi maharage yaliwe pamoja na kachumbari ya nyanya mbichi, au tunda lifuate mlo. Chai hufanya kinyume chake. Tunaishi jirani na mashamba ya chai ya Mufindi na tunajivunia chai yetu, lakini ikinywewa pamoja na mlo huzuia chuma kuingia mwilini. Inywewe baada ya saa moja hivi. Mtoto mdogo asipewe kabisa.

Neno dogo kuhusu rovu, lililokuwa limeenea sana katika nyanda hizi: mboga peke yake hazilizuii. Chumvi inunuliwe ile yenye madini joto, na itunzwe katika chombo chenye kifuniko.

Mboga za masika zaweza kuwekwa kwa ajili ya kiangazi. Majani ya kunde, maboga na mnavu yatumbukizwe katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, kisha yaanikwe kivulini penye hewa, juu ya chekecheke au mkeka safi. Yasianikwe juani, kwani jua kali huharibu vitamini A.

Kazi ya chama

Mwaka 1983 ulianza Mpango wa Lishe katika Mkoa wa Iringa, katika vijiji 168, chini ya WHO na UNICEF pamoja na Serikali yetu, kwa fedha za Serikali ya Italia. Kiini chake kilikuwa rahisi: watoto walipimwa uzito kijijini kila miezi 3, na matokeo yalipelekwa katika Halmashauri ya Kijiji, watu wazima wakakaa na kuulizana kwa nini mtoto wa fulani hakuongezeka na nini kifanyike. Watoto wenye uzito mdogo mno walipungua sana katika vijiji hivyo. Mwanachama atambue kwamba mizani ile haikumlisha mtoto hata mmoja. Kilichofanya kazi ni kuulizana kule. Na ushirika unajua kuulizana kuliko chombo kingine chochote.

Chama cha msingi kinaweza kufanya mambo matatu. La kwanza ni kitalu cha chama: miche ya parachichi, matunda damu, pasheni na mapera, ikiuzwa kwa wanachama kwa gharama tu, na bei ikikatwa katika malipo ya mazao. La pili ni kalenda ya ukutani ofisini, ambamo katibu ataandika, mwezi kwa mwezi, kila tunda na mboga iliyoonekana kijijini na bei yake. Baada ya mwaka mmoja chama kitaona miezi iliyo mitupu, na kitajua kipande nini. Bwana shamba au bibi shamba aombwe kuipitia.

La tatu ni gumu zaidi. Ukisimama Nyololo Njia Panda, inapochepuka barabara ya Igowole na Mgololo, utaona akina mama na vijana wakikimbilia mabasi na beseni za parachichi, karoti na matunda damu. Beseni lile limetoka nyumbani alfajiri, na mtoto aliyebaki nyumbani amebaki na ugali. Niliwahi kulisema hilo katika mkutano, mwanachama mmoja, mama wa watoto wanne, akasimama na kunijibu, "Ndugu Katibu, ada na sare hazilipwi kwa karoti ya kupika." Alikuwa na haki, na sikuwa na jibu siku ile.

Jibu nililolipata baadaye ni dogo. Kila anayeuza hubakiza yale yasiyonunuliwa: karoti zilizopinda, parachichi ndogo au lenye kovu, nyanya iliyoiva mno kwa safari, majani ya nje ya kabichi. Mengi hayo huuzwa kwa bei ya kutupa jioni, au huenda kwa nguruwe. Parachichi lililokataliwa na mnunuzi kwa udogo wake lina mafuta yaleyale. Basi wanachama wakubaliane kwamba makapi ya kila beseni, tenga na gunia yaitwe kapu la nyumbani, yasiuzwe, na yarudi kabla mwenye beseni hajapanda daladala. Siyo sadaka wala amri ya chama. Ni sehemu ya mavuno iliyotengwa tangu shambani, kama tunavyotenga mbegu. Vyama vyenye wanunuzi wa parachichi wa nje viweke masharti hayo katika makubaliano: matunda yaliyokataliwa katika uchambuzi yarudishwe kwa mwanachama siku hiyohiyo, yakiwa yamehesabiwa katika stakabadhi. Visipofanya hivyo, matunda hayo hupotelea njiani, na hakuna anayejua yalikokwenda.

Katibu asichoke kuwaita akina baba katika somo hili. Mara nyingi kikundi cha lishe hujaa akina mama, wakati mwenye kuamua ekari ipi ipandwe nini, na fedha ya parachichi inunue nini, yuko kilabuni.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Taja mboga za majani zinazoota kijijini kwako bila kupandwa. Ni zipi ambazo watoto wako hawazijui kwa jina?

2. Katika miezi ya palizi, nani humlisha mtoto wako mchana, na humlisha nini? Kila mmoja ajibu kwa nyumba yake, siyo kwa nyumba ya jirani.

3. Jalidi huanguka wapi zaidi katika eneo la chama chenu? Wazee waulizwe, na mahali hapo pachorwe katika ramani ya ofisi.

4. Wiki iliyopita ulipeleka nini barabarani au mnadani, na nini kilibaki? Kilichobaki kiliishia wapi?

5. Je, chama chenu kina mahali pa kitalu penye maji na pasipo na jalidi? Nani atakisimamia, na miche mingapi itahitajika ili kila nyumba ya mwanachama ipate miti 5?

Majibu ya swali la 4 na la 5 yaandikwe katika daftari la mihutasari, na nakala yake iletwe ofisi ya Chama Kikuu kabla mvua hazijaanza.